Niliita Densi ya Mwalimu Ngoma ya Jadi

Nimekosa, na sitafuti wa kunihurumia. Soma tu, mwenzangu, kisha unitemee mate ukitaka.

Mimi ni mchezaji densi, mzaliwa wa Majengo, Nairobi, ingawa ukoo wetu ni wa magharibi. Kila ninachokijua nilifundishwa na mama mmoja tuliyemwita Mwalimu, aliyekuwa akifunga sabuni katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Enzi zake, ukitaka kucheza katika ukumbi wa mtaa ulivishwa sketi ya katani uwatumbuize wageni. Yeye alikataa. Alisema mwili uliosimama kiwandani kutwa nzima una mambo yake ya kusema.

Akatunga densi aliyoiita Zamu. Wanawake wamejipanga mstari, mkono wa kushoto unapokea sabuni isiyoonekana, wa kulia unafunga, kiwiko kinakwama, mgongo unakataa kunyooka. Watu walimcheka, wakasema mama amechanganyikiwa. Kumbe ndiye aliyetuanzishia densi ya kisasa, kabla ya wengi wanaosifiwa leo.

Nami nikazunguka nchi za watu nikiicheza Zamu, jina lake nisilitaje hata siku moja. Tamaa gani hiyo!

Mwaka jana walikuja watu wa maonyesho, wanatafuta historia ya densi ya kisasa na waasisi wake Nairobi. Walinijia mimi kwa sababu nilikuwa na jina. Wakaniuliza Zamu ilitungwa na nani.

Nikawaza haraka. Nikimtaja Mwalimu, nitaonekana mwanafunzi tu. Nikisema ni mimi, wazee wa ukumbini watanikana. Basi nikasema ni ngoma ya jadi ya kwetu magharibi, bibi yangu aliicheza kwenye matanga, mimi nimeifufua tu. Ngoma ya jadi haina mwenyewe, nani angeidai? Nilijiona mjanja kweli. Leo nikikumbuka, najionea kinyaa.

Siku ya ufunguzi Mwalimu alikuja, hakuna aliyemwalika. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alisimama mbele ya picha yangu akasoma maandishi polepole: mfufuaji ni mimi, mtunzi hajulikani.

Msichana aliyekuwa akiwaongoza wageni akamwomba ajaribu kucheza. Akajaribu. Msichana akamshika kiwiko, kama mjukuu na bibi yake.

"Shosh, mkono hauendi hivyo. Hii ni ya kiasili, usituharibie."

Na Mwalimu akarekebisha mkono! Densi yake mwenyewe, anafundishwa! Mimi nilikuwa hatua tano hivi kutoka pale na glasi ya sharubati mkononi, nikaendelea kunywa.

Akaniona. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi yako alifanya kazi kiwanda gani?"

Unajua nilimjibu nini? Nilicheka. Nilicheka mbele ya wageni, kama nimeulizwa na mwendawazimu. Akashika mkoba wake akaondoka.

Wiki iliyofuata alirudisha ufunguo wa ukumbi, na darasa lake la densi la Jumamosi likafa. Nilipokwenda kwake, binti yake alinizuia mlangoni. Alisema mama hataki salamu yangu.

Nikarudi kwa wale wa maonyesho nikasema nilidanganya. Wakaniambia wameshamhoji mjomba wangu, naye ameapa aliiona ngoma hiyo utotoni. Mjomba! Nilipompigia simu alinigombeza, eti nataka kuwapa watu wa Majengo urithi wetu. Siku hizi huko kwetu wanaicheza matangani, na watoto wanaambiwa imetoka kwa mababu. Uongo wangu umepata ukoo na mashahidi. Nikisema ukweli, naonekana ndiye mwongo.

Wewe unayesoma, kama kuna aliyekushika mkono akakuonyesha kazi, mtaje. Mtaje kwa jina lake kamili, mbele za watu, akiwa angali anasikia. Usijidanganye kwamba utamtaja ukishakuwa mkubwa. Mimi nilikuwa mkubwa, na ndipo nilipomzika akiwa hai.

Na usidhani kuandika hapa kumenisafisha. Nilipoanza, nilikusudia jina lake liwe neno la kwanza. Kisha nikafikiri, wakimjua yeye, watanijua mimi. Nikalifuta.