Mdogo Wangu Aliniita Mimi, Nikampelekea Kikundi

Jumapili, tarehe kumi na mbili. Asubuhi ya manyunyu na baridi ya Julai.

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka arobaini na tatu, naishi Gitothua, Ruiru. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kanisani. Ratiba ya kutembelea wagonjwa huwa naiandika mimi, na sijawahi kumsahau mtu.

Mdogo wangu Wairimu anakaa Landless, Thika. Tulikuwa hatujaongea miaka mitatu. Siku ya kumzika mama nilimnyima nafasi ya kusoma wasifu wa marehemu kwa sababu alikuwa ameacha kanisa. Alisimama nyuma ya hema hadi mwisho.

Mwezi jana alinipigia nikianika nguo. "Dada, nimepatikana na uvimbe tumboni, nitapasuliwa. Nataka kuomba na nimesahau pa kuanzia. Si ukuje leo?"

Thika si mbali. Lakini nilimjibu, "Wacha nikuweke kwa ratiba." Nilidhani namheshimu. Nikamwandika Jumamosi iliyokuwa wazi, wiki mbili mbele.

Tulifika watu tisa, na sare zetu. Alikuwa ameweka vikombe viwili mezani. Akatoka kuazima vingine kwa majirani. Tuliimba, mwenyekiti akahubiri nusu saa nzima, mmoja akamtania, "Wairimu, ukipona tunakushonea sare, hata kipimo tumeshachukua kwa macho." Alicheka kidogo.

Akinisindikiza langoni aliniambia polepole, "Nilikuita wewe. Ukaniletea mkutano."

"Lakini wote wanakupenda."

"Hawanijui, dada. Ungeniambia tu pole ya ile siku ya mama, tuombe, uende zako."

Hiyo pole ilikuwa mdomoni. Wenzangu wakaniita kwa gari. Nikasema, "Tutaongea."

Anapasuliwa Jumanne. Jana jioni aliniandikia, "Usikuje hospitali. Nikipona nitakutafuta." Nimepiga simu mara sita, hashiki. Mwenyekiti ananiambia nitulie, tutamweka kwa maombi ya Jumatano. Jumatano atakuwa ameshapasuliwa.

Sasa nyinyi mnaosoma, niambieni leo, si wiki ijayo. Kesho nibishe mlango wake peke yangu bila kualikwa, au hiyo ni kumsumbua mgonjwa ili mimi nipate amani? Na nikitii, halafu asiamke?

Usiku wa kuamkia leo nililala saa tisa kasorobo.