Mkeka wa Buraieta Chuoni

Binamu yangu Buraieta alikuja mjini Suva kutoka kisiwa cha Tabiteuea kusomea mambo ya maji, akafikia kwetu. Kisiwani kwao, kwenye nyumba ya mikutano, kijana hasimami wazee wakiwa wamekaa. Hata akipita anainama.

Sasa chuoni, mwaka wa kwanza, kila mmoja anasimama mbele ya watu kueleza kazi yake. Zamu yake ilipofika, akamwona mzee wa kanisa letu mstari wa mbele, kaalikwa. Buraieta akaketi sakafuni pale pale, kimya. Wenzake wakacheka. Mwalimu wao, Bi Sharda, akampa sifuri, eti kakataa kuzungumza. Atapewa nafasi moja nyingine; akikataa tena, ufadhili unakatwa, anarudi kwao.

"Si ungemwambia?" mama akamfokea.

"Nimwambie mwalimu hajui adabu, shangazi? Mimi?"

"Haya! Ndege ya kurudi ina nafasi, yako na ya adabu zako."

Jioni nilimwona anakung'uta mkeka.

Mara ya pili tulimsindikiza. Mzee yuko pale pale mbele. Buraieta akatandika mkeka.

"Unafanya nini?" akauliza Bi Sharda.

"Naomba nizungumze nimekaa, Bi. Kwetu hatusimami mbele ya mkubwa. Siku ile sikukataa, nilishindwa."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe ni mkubwa, Bi."

Mzee akacheka peke yake. Bi Sharda akavuta kiti chake karibu na mkeka. "Keti. Ila nikusikie."

Sauti iliyotoka sijawahi kuisikia nyumbani. Akaweka kiganja juu ya kiganja: maji matamu yanaelea hivi juu ya ya chumvi, chini ya mchanga, na pampu ikivuta kwa pupa, chumvi inapanda, kisima kimekwisha. Wale waliomcheka hawakumwona vizuri kutoka nyuma, wakaja mmoja mmoja kukaa chini. Wakauliza, akajibu. Wakauliza tena, akajibu.

Mama akashindwa kuvumilia. Kama tunavyomfanyia mcheza ngoma aliyetukuna moyo, akaenda ameinama, akammwagia poda shingoni, akampulizia manukato.

"Huyo wa kwetu!"

Bi Sharda akapiga chafya. "Mama, naandika alama!"

"Andika, mwanangu. Shingo tayari, bado mabega."

Bi Sharda akapuliza poda kwenye karatasi, akaandika, akaigeuza tuone. Alama ya juu kuliko zote darasani.

Tulirudi kwa miguu, Buraieta mbele, shingo nyeupe, hataki kupanguswa.