Pakiti Niliyoiweka Juu ya Mafiga

Andika, mjukuu wangu, na usinikatize. Baba yangu alizaliwa Kisinga, kwa wakulima wa pamba. Mama yangu alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni, akaolewa Bwera akiwa amejitwika mbegu za maharage kichwani. Majina yao unayajua, usiyaandike. Mama alinifundisha kwamba kitu cha thamani huwekwa uchagani, juu ya mafiga, ambako moshi huwafukuza wadudu na panya. Shule sikuingia hata siku moja, lakini mbegu yangu haijawahi kutobolewa.

Nimekaanga viazi karibu na mpaka tangu mama yako hajaota meno. Kisha wewe ukarudi kutoka chuoni Kasese na habari kwamba rangi ile ya kahawia ina madhara: ati ndani ya kiazi mna kitu ambacho, kikikutana na sukari yake katika mafuta makali, hugeuka sumu. Ukaniamuru, mimi, niviopoe viazi vikiwa bado vya manjano. Nikaviopoa. Askari mmoja wa kambi ya mpakani akaichungulia sahani yake.

"Mama, leo chipsi iko mugonjwa? Rudisha kwa moto!"

"Afande, mjukuu wangu anasema hii ndiyo ya afya."

"Afya iko hospitali. Hapa nataka chipsi."

Mchuuzi wa Butembo akacheka hadi akakohoa. "Mama, unapikia batoto ya kunyonya?"

Ndipo ukaleta ile pakiti. Ukasema ni unga wa kimeng'enya kinachotengenezwa na bakteria. Viazi vikilowekwa katika maji yake kabla ya kukaangwa, kimeng'enya hukila kile kitu kibaya mapema, na rangi hubaki ile ile.

"Bakteria hao hao mnaotunawisha mikono kwa ajili yao?"

"Si hao, bibi."

Watu wa shule wananichosha. Jana adui, leo mpishi.

Pakiti ilikuwa moja tu. Mwalimu wako alikupa kwa jaribio la kumalizia masomo, nawe ukarudi chuoni ukiniachia neno moja: "Bibi, uniwekee vizuri." Basi, nikaiweka vizuri: uchagani, kando ya mbegu. Kama ilitaka ubaridi, ungetumia mdomo. Maandishi ya pakitini yalimwambia nani?

Ulirudi, nikakupa pakiti, ukaloweka, ukakaanga, ukavipeleka vikapimwe. Viazi vilivyolowekwa na visivyolowekwa vikaonekana vina sumu sawasawa. Mwalimu akasema ulifanya jaribio kwa uzembe, na kwamba huenda usimalize mwaka huu. Ukakaa kizingitini ukirudia hesabu zako daftarini huku machozi yakilowesha karatasi, nami nikakukaripia kwa kuharibu karatasi. Kisha nikanyoosha mkono uchagani kuchukua maharage. Pakiti, niliyoirudisha pale ulipomaliza kuloweka, ilikuwa na joto kama uji.

"Hicho kimeng'enya," nikauliza, "kikikaa kwenye joto siku nyingi?"

"Kinaharibika, bibi. Ndiyo maana huwa..." Ukatazama juu, uchagani.

Ungenilaumu, ningekujibu. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba hukunilaumu. Ulijifuta uso, ukasema, "Heri mwalimu aniite mzembe kuliko amcheke bibi yangu." Upuuzi mtupu! Nimechekwa na askari na wachuuzi maisha yangu yote, na bado viazi vyangu huisha kabla ya jioni. Nani alikutuma unilinde?

Kwa hiyo haya uliyoandika utampelekea mwalimu wako, yote, pamoja na mahali nilipokukaripia. Pakiti ile usiioshe wala usiitupe. Ingali inanuka moshi, mpe ainuse mwenyewe. Akikupa nyingine, itie katika kopo lenye kifuniko, uiweke chini, kando ya mtungi wa maji, penye ubaridi. Mbegu za mama yangu ziache uchagani. Zenyewe hazina kosa. Na hapa mwisho andika kwa herufi kubwa kwamba aliyekosea ni bibi. Nisomee nisikie. Neno hilo usilifute.