Linaondoka Jumamosi

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusikia tusi. Mama Chiriku alijivunia hilo, na alikuwa na haki. Majirani wa kushoto waligombana mpaka sufuria zikaruka dirishani; wa kulia walinuniana hadi watoto wao wakawa matarishi wa kubeba maneno kutoka chumba hiki kwenda kile. Kwake yeye mlango ulifungwa taratibu, mgeni alipewa kiti kabla ya kuulizwa shida yake, na mama mkwe aliitwa "Mama" kwa sauti ya chini, kama inavyopasa.

Mama mkwe huyo alihamia kwao miguu ilipoanza kumvimba. Alipewa chumba kilichokuwa cha kupigia pasi, akawekewa kitanda na kiti cha mikono. Lakini kiti hakikudumu chumbani. Bibi alikipenda kwenye korido, karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo aliweza kusikiliza redio na kumwona mjukuu wake akicheza. Hapo alinyoosha miguu juu ya kigoda, na kando ya kigoda akalala mbwa. Aliyetaka kupita na beseni la nguo ilimbidi aruke.

Mbwa aliitwa Meneja. Jina alipewa na Baba Chiriku, fundi umeme asiyeishiwa mzaha, kwa kuwa alishinda amekaa akitazama wengine wakifanya kazi. Paka, ambaye hakutulia hata dakika moja, akaitwa Karani. "Ofisi imekamilika," alisema Baba Chiriku. "Kilichobaki ni mshahara." Naye Chiriku mwenyewe alikuwa binti yao wa miaka minne. Aliamka akiongea na kulala akiongea, ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahauliwa hata na shangazi zake.

Mama Chiriku alikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kukamata makosa kabla kitabu hakijatoka mbele ya watu. Mtu akiandika "mbwa imelala," kalamu yake nyekundu ilimrudishia mbwa heshima yake: "amelala." Hapo alikuwa mkali, na wachapaji walimwogopa. Lakini jioni, akirudi na macho yanayowasha, akikuta korido imezibwa, alisimama na beseni lake na kusema:

"Limekula, limeshiba, sasa limejinyoosha njiani watu wasipite."

Alisema hayo macho yake yakiwa kwa Meneja. Meneja alitikisa mkia, akajikokota pembeni. Bibi naye akakunja miguu.

Siku nyingine ilikuwa, "Maji linayamwaga, kudeki tudeki sisi." Au, "Usiku kucha linakoroma, asubuhi la kwanza kutaka kula." Ungemuuliza angekuapia kwamba anamsema mbwa, na kiapo chake kisingekuwa na kasoro, maana Meneja alimwaga maji, alikoroma na alipenda kula. Utamu ulikuwa hapo hapo. Neno lilikuwa na milango miwili. Yeye aliufungua mmoja tu, wa pili ukafunguka wenyewe. Hakutukana mtu. Hakutaja jina. Kile "li" chake hakikuwa na mwenyewe, kikazurura korido nzima kikitafuta wa kumkalia.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, na Bibi hakuwa mjinga. Mara moja Mama Chiriku aliona kikombe cha chai cha mkwewe kikisimama nusu ya njia kuelekea mdomoni. Kilisimama, kisha kikarudi mezani. Usiku ule alijiambia ataacha. Kesho yake alirudi amechoka, beseni likiwa zito, na ulimi ukaikumbuka njia yake.

Kisha Chiriku akaanza kujikuna. Viroboto. Walimwogesha Meneja kwa dawa, wakachoma tandiko lake, viroboto wakarudi. Mlinzi wa karakana moja ya mbao alikuwa akitafuta mbwa mzee asiye na fujo, wa kumpa kampani tu. Baba Chiriku alikuwa mbali, akifunga nyaya katika jengo jipya, kwa hiyo mkewe alimpigia simu akiwa jikoni, huku anamenya viazi.

"Nimeshaamua. Linaondoka Jumamosi," alisema. "Ndiyo, wa kulichukua nimempata... Najua ni zee, baba, lakini nimechoka mimi... Usinibembeleze. Huko litapumzika... Haya. Nashukuru umenielewa."

Safari hii hakuwa na fumbo lolote. Alikuwa akimsema mbwa, na mbwa peke yake.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na amani ya ajabu. Redio iliwashwa kwa sauti ndogo. Korido ilipitika. Bibi alifua nguo zake zote mwenyewe, ameketi, akampa Chiriku kitana chake cha meno mapana kiwe chake kabisa. Mama Chiriku aliona hayo akafurahi. Alidhani mama mkwe amejirekebisha.

"Mama," Chiriku aliuliza akioga, "linakwenda wapi Jumamosi?"

"Mahali pazuri. Pana nafasi."

"Pana redio?"

Mama Chiriku alicheka mpaka sabuni ikamponyoka. "Redio ya nini, wewe chiriku? Lisikilize taarifa ya habari?"

Mtoto hakucheka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikaa kimya hadi mwisho wa kuoga, na mama yake hakujiuliza kwa nini.

Jumamosi asubuhi mlinzi alipiga hodi, kamba mkononi. Mama Chiriku akamkaribisha, akageuka kumwita Meneja, akasimama pale pale.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake, amevaa gauni lake la kutokea. Miguu iliyovimba alikuwa ameilazimisha kuingia ndani ya viatu, kamba zikining'inia, na begi lake lilikuwa mapajani. Chiriku alikuwa ameushikilia mkono wa kiti kwa mikono yote miwili. Kando yao alilala Meneja, na juu ya Meneja alilala Karani.

"Nipo tayari," alisema Bibi. "Sikutaka mgeni angoje."

Mlinzi alimtazama Bibi, akaitazama kamba yake, akaificha nyuma ya mgongo.

"Mimi niliambiwa mbwa," alisema.

"Bibi haendi na kamba!" Chiriku alipiga kelele. "Si mtu mbaya! Haendi na kamba!"

Mama Chiriku alihisi uso ukimwaka. Dirisha la korido lilikuwa wazi, na upande wa pili majirani wa kushoto, waliokuwa hawapitwi na jambo, walikuwa wamenyamaza ghafla.

"Mama," alisema, "Mama, jamani, nilimsema mbwa."

Bibi alimtazama. Hakuwa na hasira machoni, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi.

"Safari hii?" aliuliza.

Swali lenyewe lilikuwa maneno mawili, lakini lilimbana kama mlango. Akijibu ndiyo, amekiri zile safari nyingine zote. Akisema siku zote alimsema mbwa, amemdanganya mama mzima mbele ya mtoto na mgeni. Alitafuta neno lenye milango miwili, yeye aliyekuwa bingwa wa maneno hayo, akalikosa.

"Safari hii," akasema.

Mlinzi alianza kuchunguza dari kana kwamba ameitiwa kuipaka rangi.

"Nilikusikia ukiongea na mwanangu," Bibi alisema taratibu. "Ukamshukuru kwa kukuelewa. Nikasema basi, wamekubaliana. Nikafikiri ni wifi yako anakuja kunichukua. Sikulala, mwanangu, lakini sikukulaumu. Nyumba ni yako."

"Bibi humpa Meneja pole," Chiriku alidakia, maana ulimi wake ulikuwa umemrudia. "Kila siku. Humwambia, 'Pole mwenzangu, unabebeshwa furushi langu.'"

Mama Chiriku alipiga magoti. Hakupanga kupiga magoti. Akaanza kuvivua vile viatu. Havikutoka upesi, na vilipotoka viliacha mistari mizito kwenye ngozi, kama ya uzi uliokazwa. Aliisugua mistari ile kwa viganja, akitaka iondoke, isiondoke.

"Nisamehe, Mama."

"Nimesikia." Bibi akamgeukia mlinzi. "Baba, pole kwa usumbufu. Mbwa huyu haendi. Au nimesema vibaya, mama mwenye nyumba?"

"Haendi, Mama."

"Akiondoka, maneno yako yatapita wapi? Yatarudi kwangu bila hata kupunguzwa makali." Alikaribia kutabasamu. "Ukiwa na neno, mwanangu, niambie mimi. Mimi nina masikio. Mwenzangu huyu ana mkia tu."

Mlinzi alikunywa chai aliyopewa, akaondoka na kamba yake.

Baba Chiriku aliporudi alimkuta Meneja mahali pake. "He! Si nilisikia umestaafishwa?"

Mama Chiriku alifungua mdomo, lakini Bibi alimtangulia. "Mimi nimemkatalia mkeo. Nimemzoea. Tutafute dawa nyingine ya viroboto." Basi. Hakuongeza neno, na Chiriku, aliyekuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kusimulia, alitiwa kipande cha mkate kinywani. Baba Chiriku akacheka, akala. Mkewe aliinamia sahani yake. Sifa ya nyumba ile, aliyoilinda kwa ulaini wa sauti, sasa ilikuwa imefunikwa na mtu yule yule aliyeumizwa ndani yake.

Siku mbili tatu alikwenda kwa kunyata, akiogopa kinywa chake mwenyewe. Kisha jioni moja akakuta maji yametapakaa korido. Akaweka beseni chini. Akajikaza.

"Mama," alisema, akimtazama Bibi usoni, "ukimaliza kukanda miguu, naomba usiache maji hapa. Mtoto atateleza."

Maneno hayo ya kawaida kabisa yalimtoa jasho.

"Nimesikia," Bibi alijibu. "Kweli nimezembea. Na wewe punguza chumvi kwenye mchuzi."

Wakacheka wote wawili, kidogo. Lakini kando ya kigoda Meneja alikuwa ameinuka. Aliisikia sauti ile pamoja na beseni lile, akajikokota, mkia katikati ya miguu, hadi mlango wa uani.

"Meneja, rudi," Mama Chiriku aliita. "Husemwi wewe, baba. Njoo."

Mbwa alisimama kizingitini akimtazama, hakusogea. Chiriku alimwita, akampigia makofi, akarudi mikono mitupu.

"Mama, limekataa."

"Amekataa," alisema mama yake. Akachukua tambara, akapiga magoti, akaanza kuyakausha maji yale polepole.