Jini wa Mwabungo na Breki za Gari Langu

Naandika haya nikiwa na udhu, nimeketi msikitini baada ya sala ya alasiri. Mtu haongopi mahali kama hapa. Ukiamini, alhamdulillahi, usipoamini, gari lenyewe bado liko uani kwangu Msambweni, njoo ulitazame.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wiki ya harusi ya binti yangu Zuhura. Tangu akiwa mdogo nilimwahidi kwamba mimi mwenyewe ndiye nitakayemwendesha kwenda kwa mumewe. Lakini gari langu lilikuwa limezua balaa. Likienda polepole, halina neno. Likishika kasi barabara kuu, kisha nikikanyaga breki, usukani ulinitetemekea mikononi kama ungo unaopepetewa mchele. Watu wa bwana harusi, wenyeji wa Likoni, wakaleta maneno: bibi harusi wao hapandi gari lenye jini.

Dada yangu, Bi Mwanasha, naye aliamini vivyo hivyo, na alikuwa akililinda gari kwa namna yake. Kila nikirejea safari, kabla sijashuka, yuko mlangoni na ndoo ya maji ya kisima yenye marashi, ayamwagia magurudumu.

"Husuda za njiani hizi, kaka, zisiingie nyumbani." Magurudumu yakitoa mvuke, shaaa! "Wamwona jini anavyotoka?"

Basi siku moja natoka Ukunda peke yangu, jua la utosi. Wajua wazee walituambia nini kuhusu saa ile? Kwamba ndiyo saa ya majini kutembea. Mimi nilisahau. Nilipopita Mwabungo, mtu wa kanzu nyeupe akanipungia mkono. Nikakanyaga breki, usukani ukacheza, nikasimama mbele yake. Anacheka.

"Assalamu alaykum, sheikh. Gari lako lacheza chakacha!"

Nikaitikia salamu, akapanda. Ndani pakanukia udi. Na, niamini, springi za kiti kile cha abiria hulia hata akikikalia paka. Siku ile hazikulia.

"Shika kasi," akasema. "Sasa kanyaga breki taratibu. Kinachotetemeka ni usukani, au kiti ulichokalia?"

"Usukani."

"Basi ni magurudumu ya mbele. Yangekuwa ya nyuma, ungelisikia kiunoni. Na usipokanyaga breki?"

"Latulia."

"Basi si mipira. Simama."

Akashuka, akachuchumaa penye gurudumu la mbele, akainua kanzu isichafuke. Nikaona miguu. Kwato, ndugu yangu! Kwato za punda, zimepakwa mafuta zang'aa, nadhifu kuliko viatu vyangu.

Ningefanya nini? Nikaanza Ayatul Kursiy. Kwa hofu nikaruka maneno. Yeye, bila kugeuka, akanirejesha pale nilipokosea, kwa upole kama mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, akasoma nami hadi mwisho. Hofu ikapungua nusu.

"Diski za breki zimepinda," akasema. "Ukishuka kutoka safarini huwa na moto kama kikaango, na dada yako huzimwagia maji ya kisima. Chuma gani kitavumilia hayo?" Akasimama, amenuna. "Halafu mwasema ni jini. Sheikh, sisi hatuna kazi? Hatuna watoto wa kulea? Kila kinachotetemeka Kwale nzima, ni sisi!"

"Nisamehe, bwana wangu."

"Nimekusamehe. Na hongera za harusi."

Sikuwa nimemtajia harusi. Nilipopepesa macho, kando ya barabara palikuwa na jua tu.

Nikamwambia fundi wa Ukunda, bwana mmoja wa bara, ni diski za mbele, akafungua magurudumu. "Mzee, hii disc imepinda vibaya. Nani alikuambia ni ya mbele?"

"Abiria," nikamjibu.

Akazipeleka zikachongwa, zikawa sawa.

Siku ya harusi Zuhura alikaa nyuma na mashangazi. Mbele alikaa mjomba wa bwana harusi, aliyekuja kutupima, tasbihi mkononi kama mtu anayejiandaa kufa. Nikashika kasi, nikakanyaga breki. Usukani kimya. Zuhura akacheka nyuma ya buibui lake.

"Jini mmemtoa kwa dawa gani?" akauliza mjomba.

"Kwa fundi."

Niliporudi nyumbani, Bi Mwanasha alikuwa mlangoni na ndoo. "Dada, si magurudumu!" nikapiga kelele. Akanitazama, akatazama ndoo iliyojaa, akanimwagia mimi miguuni, viatu na soksi. "Basi husuda uliyoibeba wewe!" Mpaka leo ndivyo anavyonipokea, nami namshukuru Mungu kwa dada kama huyo.

Nikipita Mwabungo adhuhuri, kile kiti kitupu hunukia udi. Natoa salamu, napita.

Nawe unayesoma, magurudumu yakitoka safari yaache yapoe. Usukani ukitetemeka ukifunga breki, nenda kwa fundi leo, na usimsingizie jini. Kuna siku utasimamisha gari umpakie abiria juani, na huyo atakuwa na la kukuuliza.