Mita Sitini Hadi Mlangoni kwa Mama Mkwe

Nina diploma ya ujenzi wa barabara, na sijawahi kuificha. Iko kwenye fremu sebuleni kwangu Kitale, mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione. Miaka tisa nilikuwa Ghuba nikisimamia watu waliojenga barabara juu ya mchanga usiotulia, na niliporudi nilijenga nyumba yangu bila kuchangiwa na mtu hata msumari. Njia ya kuingia kwangu ni ya kokoto. Lori la mahindi huingia limejaa, hugeuka, hutoka, mvua ikinyesha, na haliachi alama. Nayasema haya ili ieleweke kwamba kazi niliyojitwika kwa wakwe zangu haikuwa kubwa kuliko uwezo wangu.

Kwa wakwe ni ndani kidogo kutoka Misikhu. Baba mkwe ana ugonjwa wa figo. Kila Jumatatu na Alhamisi husafishwa damu hospitalini Bungoma, na mashine yake huanza saa mbili asubuhi. Msimu mmoja wa mvua ndefu gari lilishindwa kufika mlangoni. Wanaume wanne walimbeba juu ya kiti cha plastiki kupitia matope, wakateleza naye mara moja, na walipofika hospitalini nafasi yake ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine. Siku tatu alilala akiwa ameketi, kwa sababu akilala chali maji ya mwilini yalimbana kifua akakosa pumzi. Mke wangu alikuwa upande mmoja wa kitanda na mimi upande wa pili, tukisikiliza kila pumzi kama inaingia.

Hakuna aliyeniomba. Nilisimama mwenyewe Krismasi iliyofuata, ukoo wote ukiwa umekusanyika, nikasema mvua ijayo gari litamchukua baba mlangoni na kumrudisha mlangoni, na kama gurudumu litazama, mniite fundi wa nyumba za kuku.

“Tumesikia, injinia,” shemeji yangu, kaka ya mke wangu, akasema. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani na wazazi. “Lakini diploma haijui udongo wa hapa, bana.”

“Udongo ni udongo,” nikamjibu.

Januari nikaanza. Kutoka barabara kuu hadi mlangoni ni mita sitini, mteremko mdogo, ardhi imekauka na kupasuka. Nilivuta uzi, nikapima kwa pima maji, nikaondoa udongo wa juu wote hadi nikafika ulio mgumu. Watu wengi hapo ndipo hukosea: humwaga kokoto juu ya nyasi na kujisifu, kisha Aprili wanalia. Mimi nilitandika mawe makubwa kwanza, nikayashindilia kwa mashine niliyoileta kutoka Kitale, nikaweka kokoto za kati, nikamalizia na ndogo zilizochanganywa na vumbi la mawe. Niliipa njia mgongo, katikati juu na kando chini, na mitaro pande mbili. Watu waliopita barabarani walisimama kutazama. Wengine waliuliza kama kaunti imefika.

Kulikuwa na tatizo moja, nalo halikuwa la ujenzi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Mchungaji alishahubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mama mkwe alisema Amina kwa sauti, na ibada ilipoisha akapitia mlango wa nyuma ili asikutane nami. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yangu hatukuwa tumesemeshana neno. Ujumbe wake kwangu ulipita kwa mke wangu, na mke wangu wakati huo alikuwa Kitale na watoto. Kwa hiyo mama mkwe aliongea na kuku.

Nilikuwa nimeinama karibu na mpera ulio katikati ya njia nilipomsikia kwa mara ya kwanza, nyuma ya ua wa migomba, akimwaga mahindi.

“Nyinyi kuku,” akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika, “msizoee kulala hapo kwa mpera. Hapo maji hayatoki juu. Hapo maji hutoka chini, mvua ikishakaa wiki mbili. Mimi nilikuwa napanda nduma hapo, na nduma haioti pakavu.”

Nikachimba pale kwa sururu hadi goti. Vumbi. Nikachimba hadi paja. Vumbi jekundu, kavu kama unga. Shemeji alikuwa akitazama, kwa hiyo na mimi nikawageukia kuku.

“Kuku,” nikasema, “mwambieni mwenye nyumba nimechimba na nimepima. Hakuna maji hapa. Na nduma hata kwenye ndoo zinaota.”

Shemeji alicheka hadi akashika mti. Nyuma ya migomba nikasikia sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu.

Asubuhi iliyofuata nilikuta vijiti vya muhogo vimechomekwa ardhini kukatisha njia yangu, mstari mmoja uliopinda, kutoka juu ya mpera hadi kwenye migomba. Vilikuwa kumi na vinne, vimekatwa urefu sawa. Sikuhitaji kuuliza ni vya nani. Nilivitazama kwa muda. Niseme ukweli: niliona kwamba mpindo ule haukuwa wa mtu anayekisia. Lakini wafanyakazi walikuwa wamesimama na karai zao wakisubiri nitasema nini, na shemeji alikuwa amekuja na kikombe chake cha chai ili asipitwe na kitu. Nikaving’oa kimoja kimoja, nikavirusha kando ya ua.

“Endeleeni,” nikasema.

Mvua zilianza mwisho wa Machi. Wiki ya kwanza baba mkwe alisafiri vizuri mara mbili, na shemeji, ambaye ndiye aliyekuwa akimwendesha, alinipigia simu kukubali. “Kweli hiyo kitu imeshika,” akasema. Nilimwomba arudie, ati simu ilikuwa inakatika. Wiki ya pili pia vizuri. Wiki ya tatu shemeji alikuwa na safari, nikasema nitakuja mwenyewe na gari langu. Nililala kwao Jumatano. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano bila kupumzika.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu nilimketisha baba mkwe kiti cha nyuma. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havikuingia, akavaa malapa. Nikawasha gari, nikateremka polepole, nikiwa bado namweleza kuhusu mgongo wa barabara na kazi yake. Kwenye mpera gari lilienda chini upande wa kushoto. Halikupiga kelele. Lilikaa tu, kama mtu anayeketi kwenye kochi.

Nikakanyaga mafuta, likazama zaidi. Nikashuka. Mawe yangu makubwa yalikuwa yamemezwa, na tope limepanda kati yake kama uji unaochemka. Kando zote mbili, mitaro yangu ilikuwa safi, inapitisha maji ya juu vizuri kabisa. Haya yalikuwa yanatoka chini.

Saa moja kasoro dakika kumi. Kwenda Bungoma mvua ikinyesha hivyo si chini ya dakika hamsini. Niligeuka kumtazama mzee. Alikuwa amefungua kidogo dirisha, anavuta hewa kwa mdomo.

“Tumekwama?” akauliza.

“Kidogo tu, Baba.”

Nilisukuma peke yangu. Nikaweka kokoto chini ya gurudumu, zikazama. Nikavua koti, nikaliweka, likazama. Nilikuwa nikihesabu: kumwita bodaboda, lakini mzee hawezi kukaa kwenye pikipiki, kuwaita majirani waje na kiti cha plastiki. Kiti kilekile. Nilitoa simu na sikujua nimpigie nani.

Hapo nikasikia mabati yakigongwa. Mama mkwe alikuwa amefunika kichwa kwa leso, anang’oa paa la nyumba ya kuku. Aliyavuta mabati mawili kwenye nyasi hadi karibu na gari, akayaacha, akanipa mgongo. Kuku walitawanyika kwenye mvua.

“Nyinyi kuku,” akasema, akitazama migomba. “Mwambieni mwenye gari asiende mbele. Mbele kumeisha. Arudi nyuma, akate kulia, apite kwa maharagwe yangu. Chini ya maharagwe kuna mwamba.”

Maharagwe yake yalikuwa yameshatoa majani. Yalikuwa ndiyo ya kulisha nyumba hadi Julai.

“Sawa, Mama,” nikasema.

Niliyasema kwake, si kwa kuku. Bega lake lilishtuka kidogo, lakini hakugeuka. Nilichimba kwa mikono, nikasukuma mabati chini ya magurudumu ya nyuma, nikaingia na kurudisha gari. Liliteleza, likashika, likapanda. Nikakata kulia na kupita juu ya maharagwe, nikisikia yanavunjika chini ya gari, na ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu hadi barabarani.

Tulifika saa mbili na dakika chache. Muuguzi alikuwa na karatasi mkononi na jicho kwenye mgonjwa mwingine aliyekuwa akingoja benchini. Nilimwita kabla sijafunga mlango wa gari. Alitazama matope yangu kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, “Mlete.”

Mashine huchukua saa nne. Niliketi kando ya kitanda, tope likinikaukia.

“Ulimuuliza mama kabla hujaanza kuchimba?” baba mkwe akaniuliza baada ya muda.

“Ningemuulizaje, Baba? Haturuhusiwi kuongea.”

“Kuku si uliongea nao?” Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na muuguzi akaja kututazama vibaya.

Nilikuwa na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Niliita wafanyakazi wangu kutoka Kitale, tukaifukua njia pale katikati, mita kumi na mbili. Nilijua dawa yake; hilo nililisoma na nimelifanya: unachimba mtaro wa kukatisha chini ya njia, unautandika kitambaa, unaujaza mawe matupu bila udongo, maji yanapata pa kupita na njia inakaa juu yake. Sikujua tu maji yenyewe yanapita wapi hasa, kwa sababu sasa kila mahali palikuwa tope. Nilitafuta vile vijiti kando ya ua. Vingine vilikuwa vimeota majani.

Ijumaa saa nne nilisimama kwenye shimo, nikawatuma wafanyakazi wakachukue mawe barabarani. Kisha nikawaambia kuku, ambao walikuwa wamejikunyata chini ya baraza bila paa lao:

“Kuku, naomba vile vijiti virudishwe mahali pake.”

Nikageuka, nikampa mgongo mwenye nyumba, nikatazama barabara. Nilisimama hivyo kwa muda mrefu. Mvua ilikuwa nyembamba. Nikasikia malapa kwenye kokoto, halafu vijiti vikiingia ardhini, kimoja baada ya kingine, na mtu akipumua kwa kuinama. Kimoja kilichomekwa karibu sana na kisigino changu. Sikugeuka hadi mlango wa jikoni ulipofungwa.

Nikachukua pima maji. Kutoka kijiti cha juu hadi cha mwisho kwenye migomba, mteremko ulikuwa sahihi. Mahali pamoja tu nilipokuwa na shaka, upana wa kidole. Nilipotoboa hapo kwa mtaimbo, maji yakaruka. Sikusogeza kijiti hata kimoja.

Tulimaliza Jumapili jioni, baada ya wakwe kurudi kutoka kanisani. Paa la kuku nililirudisha mwenyewe, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi safi, nililiweka bora kuliko lilivyokuwa.

Jumatatu mvua ilinyesha kama imetumwa. Nilimketisha baba mkwe nyuma, nikamfunga mkanda, nikateremka. Mama mkwe alikuwa barazani ametupa mgongo, anapepeta mchele ambao nadhani ulikuwa safi tayari, na ungo ulikuwa umetulia mikononi mwake. Tulipokaribia mpera nilipunguza mwendo. Nilisikia kokoto chini ya magurudumu ya mbele, zikisaga sawasawa. Kisha ya nyuma. Upande wa migomba maji yalikuwa yakitoka kwenye mawe, meupe, mengi, yakienda zake.

Nilifika barabara kuu, nikakunja kuelekea Bungoma, na ndipo nilipotazama kioo. Mzee alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kiti. Aliamka tulipokuwa tumeenda mbali kidogo, akafuta dirisha kwa kiganja.

“Bado hatujatoka nyumbani?” akauliza.

“Tuko lami, Baba,” nikasema. “Lala.”