Barua Nne za Mama Lukufowadi

Jina lake halisi sisi madobi wa hospitali tulilisahau. Tulimwita Mama Lukufowadi, na sitaficha: jina hilo nililitunga mimi.

Alikaa chumba cha mashine miaka kumi na tisa, kwenye mvuke na dawa ya kung'arishia mashuka. Kifua kilianza kidogo kidogo, mwisho akawa hamalizi sentensi bila kushika ukuta. Daktari akamwandikia cheti: ahamishiwe chumba cha kukunjia, kwenye madirisha, la sivyo mapafu hayamalizi mwaka. Mkunjaji mmoja alikuwa karibu kustaafu, na kiti kimoja kingebaki wazi.

Ofisa utawala wetu alikuwa na mtindo wake. Maombi yote kwa maandishi, tena kwa Kiingereza. Ukikosea hakujibu. Alizungushia kosa kalamu nyekundu na kuibandika barua ubaoni, mlangoni mwa kantini, ati tujifunze. Tulichojifunza ni kucheka.

Barua ya kwanza ya Mama Lukufowadi ilimalizika kwa ile sentensi ya kungoja majibu: *I look forward to hear from you.* Duara jekundu likaja kubwa kama kisosi. Nikaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, watu wakavunjika mbavu, jina likamganda. Yeye naye alicheka, akakohoa, akaenda kuandika nyingine.

Ya pili akakosea palepale. Ya tatu akapatia pale, akaharibu kwingine. Binti yake alimwazima kamusi, akawa anaandika saa ya chakula, daftari gotini, anafuta, anapuliza vumbi la kifutio, chakula kinapoa. Miezi miwili hiyo. Sare ikaanza kumpwaya shingoni.

"Si umwambie binti yako akuandikie?" nilimwuliza.

"Halafu nikiitwa niulizwe, nitasema nini? Mwenye shida ni mimi, mwenzangu. Acha niombe mwenyewe."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ya nne haikuwa na duara hata moja. *I look forward to hearing from you*, imenyooka, na chini yake ofisa ameandika: Vizuri sana, wengine waige. Tulimpigia makofi. Akajifuta uso, akapanda ngazi kufuata jibu. Nami nilikuwa na mapazia ya kutundika kule juu ofisini, nikamfuata nyuma, nikasikia yote.

"Jibu gani tena, mama?" Ofisa hakuinua hata macho. "Kile kiti nilishamwahidi mtu kabla hujaleta barua ya kwanza. Mimi nilikuwa nakusaidia tu uandike vizuri."

Mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Nilijua siku zote zile alipokuwa akifuta na kupuliza, na nikanyamaza. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi mgongo ulikuwa unaniuma. Niliona aibu, lakini si ya kunifanya nikiachie kiti.

Tarehe mosi nikakaa dirishani. Toroli la kwanza la mashuka alilisukuma yeye. Akasimama kwanza atafute pumzi, kisha akaniuliza, bila hasira kabisa:

"Mwenzangu, yako uliiandikaje?"

"Sikuandika," nikamwambia. "Nilimwomba ofisa kwa Kiswahili, siku moja akipanda gari lake. Akasema sawa."

Akapakua mashuka yote, akageuza toroli, akarudi kwenye mvuke. Mimi nikaanza kukunja.